Ng'ambo ya Ziwa: Mbele ya Kununua Parseli Nchi ya Wengine, Soma Historia Yake



Kuko swali moja ambalo siku hizi linarudi kila fasi vijana wa Fizi wanapokaa. Mtu amepata kazi kwenye shirika, au yaya yake yuko Marekani anatuma dola, au mama ameuza ng'ombe. Pesa kidogo iko mkononi. Swali linakuwa: tununue wapi? Mmoja anasema Kigoma. Mwingine anasema Bujumbura au Rumonge. Wa tatu, aliyesoma Kampala, anasema Uganda ndiko kuna amani. Halafu mabishano yanaanza, na mara nyingi yanakuwa juu ya bei tu, kwamba huku parseli ni dola kadhaa, kule ni dola kadhaa.

Mimi nimesoma historia, na sina parseli nchi yoyote ya kigeni. Lakini katika ukoo wetu swali hili limefika kweli, na nimepewa kazi ya kulifikiria kwa ajili ya wengine. Nimeona kwamba bei ndiyo kitu cha mwisho cha kuuliza. Sisi watu wa ziwa si wa kwanza kuchagua ng'ambo. Watu wamekuwa wakichagua kwa zaidi ya miaka 150, na yaliyowapata yanaonekana wazi. Tuangalie pamoja.

Tuanze na Ujiji. Karne ya 19, Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Watu wengi kutoka upande wetu wa Kongo, hasa wale walioitwa Wamanyema, walifika huko. Wengine walifika kama wapagazi na wafanyabiashara, na wengi walifika kama watumwa. Tusifiche hilo. Lakini wajukuu wao leo ni Watanzania kabisa, wana nyumba, makaburi na misikiti Ujiji na Kigoma. Hali kama hiyo utaiona Buyenzi kule Bujumbura, kartie ambako Kiswahili kinasemwa kuliko Kirundi na familia nyingi zinajua asili yao iko upande huu wa ziwa.

Hawa walipataje kubaki? Hawakuwa na karatasi. Walibaki kwa sababu walioa na kuolewa, walizika watu wao pale, na wakati serikali zilipokuja kuandika watu, waliandikwa kama wenyeji. Yaani kwanza walikuwa watu wa pale, ndipo kiwanja kikawa chao. Weka hilo kichwani, litarudi.

Ujiji una somo la pili, na hili ni la jiografia. Wakati wa Stanley, maji ya ziwa yalikuwa juu na yalisogea karibu na mji. Kwenye miaka ya 1870 mwishoni, mto Lukuga, ule unaotoka ziwani karibu na Kalemie ya leo, ulifunguka, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ufuo ulisogea. Ukienda leo kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, ziwa utaliona mbali. Halafu Wajerumani walipojenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, walichagua kuifikisha Kigoma, kwenye ghuba yenye maji marefu na iliyokingwa na upepo. Reli ilifika mwaka 1914. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo tunaiita Liemba, iliunganishwa hapo hapo Kigoma na ikaingia majini mwaka 1915. Biashara ikahama. Mtu aliyekuwa na kiwanja kizuri sokoni Ujiji alijikuta mji umeondoka bila yeye, na wala hakuwa amefanya kosa lolote.

Kwa hiyo parseli haitembei, lakini vitu vinavyoipa thamani vinatembea: bandari, reli, barabara, hata maji yenyewe. Na maji yanaweza kurudi. Tangu mwaka 2020 hivi tumeona wenyewe ziwa likipanda na kuingia ndani ya nyumba za watu Baraka, Uvira, Kalemie, na kule Rumonge na Bujumbura pia. Wazee wanaosema "hapa zamani palikuwa maji" si kwamba wanapiga hadithi. Mtu akikuonyesha kiwanja cha bei nafuu kando ya ufuo, muulize mzee wa mtaa maji yalifika wapi.

Sasa tuende kwa mtu mkubwa wa wakati ule, Hamed bin Muhammed, ambaye sisi tunamjua kama Tippu Tip. Utajiri wake alitoa Manyema, kwenye pembe na watumwa, na watu wa milima yetu walilipa gharama ya biashara ile. Simsifu. Nataka tu tuangalie mali yake kama wanahistoria. Upande wa Kongo alikuwa na miji, mashamba na watu. Mwaka 1887 alikubali hata kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya mfalme Leopold. Lakini karibu mwaka 1890 aliondoka, akarudi Zanzibar, na hakurudi tena. Kati ya 1892 na 1894 vita vya Dola Huru ya Kongo dhidi ya Waswahili vilifagia kila kitu, na mtoto wake Sefu alikufa mwaka 1893. Mali ya Kongo ilikwisha. Mashamba na nyumba za Zanzibar zilibaki, na huko ndiko alikufia mwaka 1905, tajiri.

Unaweza kusema: basi alichagua vizuri, alinunua fasi yenye sheria anayoijua. Ni kweli. Lakini usifunge kitabu. Januari 1964 mapinduzi yalitokea Zanzibar, na serikali mpya ikafanya ardhi yote kuwa ya umma. Mashamba makubwa ya mikarafuu, ambayo mengi yalikuwa ya familia zenye asili ya Oman zilizofika tangu enzi za Seyyid Said, yaligawiwa ekari tatu tatu kwa wananchi. Zile familia zilikaa pale zaidi ya miaka 100. Zilikuwa na karatasi. Lakini majirani wengi waliendelea kuwaona kama wageni waliokalia ardhi nzuri. Karatasi iliyokuwa nzuri mbele ya hakimu haikusaidia mbele ya jirani.

Mfano wa Uganda unafanana. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Maduka, viwanda na nyumba za Kampala na Jinja vikachukuliwa. Miaka mingi baadaye, kwa sheria ya 1982 na hasa katika miaka ya 1990, wengi walirudishiwa mali yao. Nani alirudishiwa? Yule aliyeweza kuonyesha hati iliyoandikwa jina lake. Tazama basi: Zanzibar karatasi ilishindwa, Uganda karatasi ilisaidia lakini baada ya miaka 20. Karatasi peke yake haitoshi, lakini bila karatasi hauna hata pa kuanzia.

Na tusiwanyooshee wengine kidole tu. Sisi wenyewe tulifanya. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na maduka na mashamba ya wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine, yakapewa Wazaire. Miezi michache mbele yake, tarehe 20 Julai 1973, sheria ya ardhi ambayo bado inatuongoza ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Leta. Raia Mkongo anaweza kupata haki ya kudumu juu ya parseli. Mgeni hawezi, yeye anapata haki ya kawaida ya miaka 25, ambayo inaweza kurudiwa. Kwa hiyo ukitaka kujua nchi za wengine zitakuonaje wewe, anza kwa kuuliza sisi tunamwonaje mgeni anayekuja kununua Baraka.

Sasa tuingie kwenye nchi zenyewe ambazo vijana wetu wanazitaja.

Tanzania. Tangu sheria ya ardhi ya Waingereza ya mwaka 1923, ardhi ya Tanganyika imekuwa ya umma. Baada ya uhuru, mwaka 1963, hata ile ardhi chache iliyokuwa ya umilikaji kamili ilibadilishwa. Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema wazi kwamba mtu asiye raia hapewi ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa chini ya sheria za uwekezaji. Na ardhi ya vijiji iko chini ya sheria namba 5 ya mwaka huo huo, mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji. Kwa maneno mengine, Mkongo anayekwenda Kigoma kununua kiwanja cha kujenga nyumba ya familia hawezi kukipata kwa jina lake. Hata awe na pesa. Hata awe na shemeji pale.

Hapo ndipo watu wanaingia njia ya pembeni: kununua kwa jina la mtu. Shangazi yangu alifanya hivyo. Wakati wa vita vya 1996 familia nyingi za Fizi zilivuka ziwa kwenda Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu, na baadaye kidogo Lugufu. Yeye alifanya biashara ndogo kwa miaka, na pesa aliyoiweka akampa mwenyeji mmoja, mtu mwema kabisa, amnunulie kiwanja. Mwenyeji aliandika jina lake mwenyewe kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Yule mtu alipokufa, watoto wake walitazama karatasi. Jina la baba yao liko pale, la shangazi halipo. Hawakumtukana. Walimwambia tu: "Mama, sisi hatukujui kwenye jambo hili." Na mbele ya sheria walikuwa na haki. Shangazi alirudi Baraka kwa boti ya wakimbizi, kwenye yale marudio yaliyoanza mwaka 2005, na hakuwa na kitu cha kudai.

Ninaeleza hili kwa sababu kila mara nasikia kijana anasema, "Mimi nina rafiki wa kuaminika kule." Sikatai. Lakini urafiki haurithiwi. Watoto wa rafiki yako hawakuahidi kitu.

Linganisha na Warundi wa 1972. Hao walikimbia mauaji, Tanzania ikawaweka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa fasi ya kulima. Walilima miaka zaidi ya 30, lakini ardhi haikuwa yao. Kilichobadilisha maisha yao ni uraia: Tanzania ilikubali kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000, na kutoka Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa. Siku ile mtu wa Katumba alipopata cheti, ndipo alipoanza kuwa na haki ya kuomba ardhi kama Mtanzania mwingine. Ni jambo lile lile la Wamanyema wa Ujiji: kwanza kuwa mtu wa pale, ndipo kiwanja.

Burundi. Rumonge na Nyanza-Lac ni fasi nzuri, udongo wa michikichi, karibu sana na sisi, lugha tunaelewana. Lakini historia ya ardhi pale ni nzito. Mwaka 1972 watu wa kusini kando ya ziwa walikimbia, na wengine walikuja hata huku kwetu, Fizi na Uvira. Mashamba yao yakachukuliwa na wengine, mengi kwa baraka za serikali. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema wakimbizi warudishiwe mali yao, na mwaka 2006 tume ya taifa ya ardhi ikaundwa. Waliporudi, walikuta watu wengine wamezaa na kujukuu kwenye shamba lile lile. Familia mbili, kila moja na ukweli wake. Sasa wewe mgeni wa tatu ununue katikati yao? Sisemi usinunue kabisa Burundi. Nasema kwamba kwenye mkoa ulio na historia kama hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji si "bei gani?" Ni "nani alilima hapa mwaka 1972, na watoto wake wako wapi?"

Uganda. Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya raia wa Uganda. Mgeni anaweza kukodi kwa muda usiozidi miaka 99, na hiyo ni haki inayoandikwa kwa jina lake. Hapo Uganda inakupa kitu ambacho Tanzania haikupi kwa nyumba ya kawaida. Lakini chagua mkoa kwa akili. Katika Buganda, yaani Kampala na pembeni yake, kuko mfumo wa mailo uliotokana na mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda. Mtu mmoja ana hati, mwingine ana kibanja juu ya ardhi ile ile na anaishi pale kwa haki yake. Wageni wengi wanauziwa kibanja wakidhani wamenunua ardhi. Na wale ndugu zetu walio kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale, ile fasi ya kulima waliyopewa ni ya kutumia tu. Anayekuuzia anauza kitu kisicho chake.

Kenya nayo, kwa katiba ya 2010, inampa mgeni kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Kwa hiyo Tanzania, Uganda na Kenya zinakubaliana kwenye jambo moja: mgeni ni mpangaji wa muda mrefu au si kitu. Hii si chuki. Nchi ambazo ardhi yao iliwahi kuchukuliwa na wageni wa kikoloni zina sababu ya kuogopa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limetuuma zaidi nyumbani. Yaya yangu alipelekwa Marekani kutoka kambini. Amefanya kazi miaka mingi, ana watoto, na amekuwa raia wa kule. Anasema anataka kununua nchi ya kigeni kwa ajili ya uzee wake, na kuchagua mkoa kati ya Kigoma na Kampala. Na hapa Fizi, anasema, hana haraka, "kwetu ni kwetu, parseli ya baba ipo."

Niliposoma sheria vizuri nilikaa kimya siku nzima. Katiba yetu ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, hauchanganyiki na mwingine. Mwenye kuchukua uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa Kongo. Maana yake, kwa sheria, yaya yangu ni mgeni Lubondja. Pale kitovu chake kilipozikwa, Leta inaweza kumwambia: wewe ni wa miaka 25. Nchi ya kigeni anayoitafuta ramani nzima, ya kwanza ni hii.

Nilimpigia simu nikamweleza. Alinyamaza, halafu akauliza: "Kwa hiyo hata huko mimi ni mkimbizi?" Nikamwambia hapana, yaya. Sheria hiyo hiyo inaacha mlango wa kurudishiwa uraia, na kuko wadogo zako ambao ni Wakongo na wana haki kamili. Lakini usichukulie kwamba parseli ya baba inajilinda yenyewe. Karibu familia zote hapa milimani tunakaa kwa haki ya mila, bila sertifika ya kusajiliwa. Siku ambapo mtu atakuja na karatasi, tutasema nini?

Tulikubaliana hivi kwenye ukoo. Pesa ya kwanza haitavuka ziwa. Itakwenda kupima parseli ya baba na kuiandikisha kwa kadasteri, kwa majina ya watoto wote walio raia, mbele ya wazee na majirani. Yaya atafuata mambo ya uraia wake mwenyewe kwa utaratibu. Pesa ikibaki, Kampala itafikiriwa, kwa kukodi kwa jina lake mwenyewe, na mwanasheria wa huko aangalie hati ofisini mbele ya kulipa senti. Kigoma tutakwenda kutembea, kuuza na kununua, kuoa tukijaliwa. Kununua kwa jina la mtu, hapana tena.

Kwa wewe unayesoma, maswali ni machache, na ufuate mpangilio huu. Moja, sheria ya nchi ile inakupa haki gani wewe mwenye uraia ulio nao leo? Mbili, jina litakaloandikwa ni la nani? Tatu, mkoa ule umepitia nini: nani alifukuzwa, nani alirudi, nani bado anadai? Nne, maji, barabara na bandari vinaelekea wapi? Tano, majirani watakuona kama nani siku serikali ikibadilika? Sita ndiyo bei.

Ukikuta swali la kwanza halina jibu zuri, usifike la sita. Pesa ya jasho inaweza kukaa benki, inaweza kusomesha mdogo wako, inaweza kununua boti au ng'ombe. Kukosa parseli ng'ambo si aibu. Babu zetu walivuka ziwa hili mara nyingi na kurudi, na waliobaki walibaki kwa sababu watu wa kule waliwakubali.